Nani Kaliiba Kayamba? Sikio la Uzee na Mitambo ya Sauti ya Ghali

Ami yangu ana miaka 74 na anaamini ameibiwa. Kilichoibwa ni kayamba. Kwa zaidi ya miaka 30 kayamba hilo lilikuwa likilia upande wa kulia wa santuri moja ya taarabu aliyoinunua Mombasa enzi za ujana wake. Mwaka jana zikaja kutoka Dubai spika mbili zinazonifika kifuani, pamoja na amplifaya ambayo bei yake hata mkewe hajaambiwa. Ami akaketi, akaweka sindano juu ya santuri, akafumba macho. Kayamba halikuwamo.

Akaitwa fundi. Fundi akasema kosa ni la waya, akamuuzia waya mwingine wa bei ya mbuzi wawili, akaenda zake. Kayamba bado. Nasi wengine tunalisikia. Mjukuu wake wa miaka 12 alilisikia akiwa nje kabisa, kwenye daka, anacheza na simu. Hakuna aliyethubutu kumwambia mzee kwamba mwizi hakupitia mlangoni.

Hapa Lamu nimeusikia ubishi huu katika nyumba zaidi ya moja. Vijana husema mzee na mtambo wa malaki wapi na wapi, sikio lenyewe limekwisha. Wazee nao huamini kwamba mtambo ukiwa bora zaidi, utarudisha kilichokwenda. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na kosa lenyewe linaanzia kwenye namba.

Ukiupiga uzi wa udi, unatikisika na kuitikisa hewa. Mtikiso mmoja kwa sekunde huitwa hezi 1. Sikio la mtoto husikia kuanzia hezi 20, mngurumo unaousikia kifuani kuliko masikioni, hadi hezi 20,000, sauti nyembamba ya kuchoma. Namba hizo mbili ndizo zinazoandikwa kwa wino mkubwa kwenye maboksi ya spika, na spika za ghali hujigamba kufika 40,000, ambako anayesikiliza ni popo. Mtu wa miaka 50 kwa kawaida huishia karibu na 12,000. Nilipakua programu ya kutoa milio kwenye simu, tukajipima sote ukumbini. Mjukuu alinyoosha mkono mpaka 17,000. Mimi, mwenye miaka 51, niliachwa njiani kwenye 12,000 na kidogo, na sikupendezwa. Ami alishusha mkono tulipovuka 5,000 tu. Simu si kipimo cha hospitali, msomaji asijihukumu nayo. Lakini tofauti kati ya kijana na mtu mzima ni ya kweli kiasi kwamba Uingereza, mwaka 2005, kuna mtu aliyebuni kifaa kiitwacho Mosquito, kinachotoa mlio wa hezi 17,400 hivi ili kuwafukuza vijana wanaozubaa mbele ya maduka. Watu wazima hupita chini yake wasijue kama kuna kinacholia.

Sasa tazama hila ya hizo hesabu. Mtu akiambiwa usikivu wake umeshuka kutoka 20,000 hadi 10,000, hushika kichwa: nusu imekwenda! Sivyo. Sikio halipandi kwa kujumlisha, hupanda kwa maradufu. Kutoka nota moja hadi nota ya jina hilohilo iliyo juu yake, hatua ambayo wanamuziki huiita oktava, mitikiso huongezeka mara mbili. Anza na 20, kisha 40, 80, 160, 320, 640, 1,280, 2,560, 5,120, 10,240, umalizie 20,480. Ni hatua kumi. Zile hezi 10,000 za juu, ambazo kwenye karatasi ni nusu nzima, kwa sikio ni hatua moja, tena ile yenye muziki mchache kuliko zote. Nota ya juu kabisa ya piano ni hezi 4,186. Nota za udi kwa kawaida hazivuki 1,000. Kilichoko juu huko si nota, ni vivuli vya nota: kumetameta kwa matoazi, mkwaruzo wa upinde juu ya fidla, mbegu zinazoteleza ndani ya kayamba.

Ami, basi, amepoteza hatua mbili, kabaki na nane. Ndiyo maana udi wake uko palepale, na sauti ya mwimbaji iko palepale, lakini kayamba limezama. Linaishi ghorofa ya juu, na ghorofa hiyo imefungwa.

Kwa nini ifungwe hiyo kwanza? Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna vifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini, vinavyopokezana mtikiso mpaka kwenye koklea. Hiyo ni mfereji uliojaa majimaji, umejizungusha kama kombe la konokono mara mbili na nusu hivi, na ukiunyoosha unapata kama milimita 35. Ndani yake zimejipanga seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio, akiba ya maisha mazima. Georg von Békésy, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi linavyosafiri humo. Aliyekulia Lamu hahitaji kuchorewa picha: yako mawimbi yanayovunjikia mwambani, na yako yanayoingia mpaka ufuoni. Sauti nyembamba huishia mlangoni mwa koklea, nzito husafiri mpaka nchani. Na seli za mlangoni ndizo dhaifu kuliko zote. Zikifa, basi. Kuku akipoteza seli hizi huota nyingine baada ya wiki chache. Binadamu hana bahati ya kuku.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba uzee huchosha zaidi ile sehemu inayozipa seli hizo umeme wake, mithili ya betri iliyokwisha nguvu. Mwaka 2020 watafiti wa Boston waliochunguza masikio 120 ya watu waliofariki wakaonyesha kwamba sababu kubwa ni kufa kwa seli zenyewe. Habari hiyo ina uzito, kwa sababu seli hizo ndizo zinazouawa na makelele. Yaani tunachokiita uzee, sehemu yake ni deni la ujana.

Deni la ami nalijua. Alikuwa fundi wa mashine melini miaka 22. Chumba cha injini ya meli hupita desibeli 100, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni hii: mwisho ni desibeli 85 kwa saa nane, kisha kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, na ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Ami alikuwa akikaa humo zamu ya saa nne, mara mbili kwa siku, na anasema siku hizo kuziba masikio ilikuwa dalili ya uoga.

Mwaka 1962 daktari Samuel Rosen wa Marekani na wenzake walichapisha vipimo vya masikio ya Wamabaan, watu wa kusini-mashariki mwa Sudan ya wakati huo, walioishi mbali na injini na bunduki. Wazee wao walisikia vizuri kupita wazee wa mijini Marekani kwa mbali. Rosen aliona pia kwamba shinikizo la damu lao halikupanda na umri, kwa hiyo kimya peke yake hakistahili sifa zote. Hata hivyo huwa nawaza: mji wetu, wenye vichochoro visivyopitisha gari, ambamo lori ni punda, ungefaa kuwa na wazee wa aina hiyo. Kisha nakumbuka spika za harusi. Simama mbele ya zile za siku hizi mpaka alfajiri, halafu usikie mlio unaobaki masikioni hadi kesho yake. Mlio ule si kumbukumbu ya furaha.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi huliita ukorofi. Ami husema, "Ongeza." Naongeza. "Ongeza, sisikii!" Naongeza kidogo tena, naye anaruka: "Mwanipigia makelele, mwataka kunipasua?" Si ukorofi. Katika zile seli, za safu za nje kazi yake ni kuinua sauti ndogo, ni amplifaya tuliyozaliwa nayo. Zikifa, sauti ndogo hupotea, lakini sauti kubwa hubaki na ukubwa wake uleule. Nafasi kati ya "sisikii" na "inaniumiza" inabanwa, kama chumba ambacho sakafu imepanda na dari limebaki pale lilipokuwa. Sikio zima lina zaidi ya desibeli 100 za kutembea katikati. La mzee mwenye upungufu mkubwa linaweza kuwa na nusu yake.

Hapo ndipo sifa kuu ya mitambo ya ghali inapogeuka kuwa udhia. Wauzaji hujivunia kwamba mtambo wao unatoa taksimu, pale udi unapopigwa peke yake, kwa unong'ono, kisha ngoma zikiingia zinaingia kwa kishindo chake cha kweli. Kwa ami, unong'ono haupo na kishindo kinauma. Redio, ambayo hubana sauti zote zikakaribiana, ile inayodharauliwa na wapenzi wa sauti safi, humpa muziki mwingi zaidi. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama niliyemtukania spika zake.

Msiba hasa lakini haumo katika muziki. Siku moja nilimwambia, "Ami, hii sindano imechakaa." Akanijibu, "Shindano gani? La ngalawa?" Tukacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Irabu ni sauti nzito zenye nguvu, zinafika. Lakini s, sh, f, th na ch ni pumzi nyembamba zinazopita kati ya meno, nyingi ziko kati ya hezi 2,000 na 8,000, ndimo mlimobomoka. Suka, shuka na fuka zinakuwa neno moja. Thamani inakuwa samani. Na sisi wa Lamu tuna hasara ya ziada, maana Kiamu hutofautisha maneno kwa pumzi tu: kaa la moto halina pumzi, kaa wa baharini anayo, na paa la nyumba si paa wa porini. Mzee hukwambia, "Sauti naisikia, maneno siyafahamu." Anasema kweli tupu.

Hapo taarabu inapata pigo la aina yake. Taarabu ni shairi lililovikwa ala. Sikio la uzee hubaki na mizani na hubaki na vina, kwa sababu vina vyetu huishia kwenye irabu zenye sauti ya kutosha. Kinachopotea ni neno la katikati, lile lililobeba fumbo. Nyimbo za zamani ami anazijua kwa moyo, akili yake inajaza pengo bila yeye kuhisi. Nyimbo mpya hana cha kujazia, ndiyo anasema waimbaji wa siku hizi wanabwabwaja. Wengine wanabwabwaja kweli, lakini si wote.

Tuje kwenye pesa. Diski za CD, zilizotoka mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, nazo hubeba masafa, yaani mitikiso kwa sekunde, hadi nusu ya namba hiyo, hezi 22,050. Tayari hiyo imevuka sikio la mtoto. Juu yake wanauziwa watu rekodi zinazopima mara 96,000 au 192,000. Mwaka 2007 wawili wa Marekani, Meyer na Moran, waliwasikilizisha watu rekodi za namna hiyo na zilezile zilizoshushwa mpaka kiwango cha CD, bila kuwaambia ipi ni ipi, na watu hawakuweza kutofautisha. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio mengi ya aina hiyo, akapata kwamba watu hupatia kama asilimia 52, ambapo kubahatisha tu ni 50. Wanaopenda kugombania hizo mbili wagombanie. Kwa mtu wa miaka 74, kununua masafa hayo ni kumwaga maji baharini.

Kuna na kichekesho kizuri upande wa pili. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, mitambo ya wakati ule haikubeba mengi zaidi ya hezi 5,000 au 6,000. Santuri zake zinaishia karibu na pale sikio la ami linapoishia. Akizisikiliza hizo, anasikia karibu kila kilichomo, na mjukuu mwenye hezi zake 17,000 hapati cha ziada ila mikwaruzo.

Kwa hiyo mtambo mzuri una faida gani kwa mzee? Ipo, ila haiko juu kule. Spika isiyokwaruza inapopaza sauti humfaa zaidi yeye kuliko kijana, kwa kuwa sikio lililobanwa halivumilii ukali. Sauti ya binadamu ikitoka safi katika zile hatua nane zilizobaki, maneno mengi hujiokoa. Kupandisha trebo, yaani sauti nyembamba, nako husaidia kiasi, pale ambapo seli zimepungua. Zilipokwisha kabisa, unachoongeza ni ukelele.

Lakini kitu kilichomsaidia ami kuliko vyote kilikuwa chumba. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa kipimo cha boriti. Mkoko hautoi mti mrefu wa kubeba dari, ndiyo maana vyumba ni virefu kama njia na upana wake haufiki mita 3. Katika upana wa mita 2.7, sauti ya hezi 63 hivi hugonga ukuta, ikarudi, ikajikuta juu ya yenyewe na kuvimba. Ngoma zikawa zinaunguruma na kufunika kila kitu. Kuta nazo ni chokaa iliyosuguliwa, sauti inaruka kutoka upande huu hadi ule kabla haijafa. Kijana huuchuja mwangwi huo bila kujua, mzee hawezi: mkia wa neno moja humfunika kichwa cha neno linalofuata. Ukuta mmoja tu ulikuwa mzuri, ule wa zidaka. Vile vishubaka vya kuwekea vyombo vya kauri huivunjavunja sauti badala ya kuirudisha nzima nzima, na sidhani kama kuna kibao cha dukani kinachofanya kazi hiyo kwa uzuri wa namna ile.

Tukatandika zulia zito juu ya sakafu, tukatundika mapazia mawili, tukaegemeza mito ukutani nyuma ya kiti, tukazisogeza spika mbali na pembe. Kisha tukakileta kiti karibu. Ukisogea kutoka mita 4 hadi mita 2, sauti inayokujia moja kwa moja huongezeka desibeli 6, na mwangwi hubaki ulivyokuwa. Hakuna kitufe kilichoguswa. Gharama yote ilikuwa chini ya ule waya wa mbuzi wawili.

Kabla ya hayo yote, ukweli ni kwamba alipaswa kuanzia kwa daktari. Ilibidi tumvushe bara kwa kisingizio cha macho. Sikio la kulia lilikuwa limejaa nta, iliyosukumwa ndani na vijiti vya pamba alivyokuwa akitumia kila Ijumaa. Ilipotolewa, desibeli kadhaa zilirudi bure. Daktari akauliza pia dawa alizowahi kutumia, kwani kwinini hutia mlio masikioni, na sindano za streptomaisini za kifua kikuu zimewaacha wengi na upungufu wa kudumu. Akatuonya jambo moja nalo nalipitisha: sikio likizima ghafla, kwa siku moja au mbili, huo si uzee, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Alipewa mashine za masikio, akazivua wiki ya kwanza. Zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Nai, ile filimbi ya mwanzi, ikishika nota moja ndefu, mashine hudhani ni ule mluzi ambao yenyewe huutoa sauti yake ikiirudia, ikaikata au ikaitetemesha. Tukarudi, mtaalamu akafungua mpangilio wa pili wa muziki, usiobana sana na usiowinda mluzi. Sasa ana vibonyezo viwili, kimoja cha barazani na kimoja cha santuri. Cha barazani ndicho ninachokithamini mimi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia, na mwaka 2020 tume ya jarida la tiba The Lancet iliutaja miongoni mwa mambo 12 yanayoweza kurekebishwa ili kupunguza maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Ami alikuwa ameanza kuikwepa baraza baada ya magharibi, akisingizia mbu.

Jumamosi iliyopita aliniita tusikilize ile santuri. Kiti mita 2, zulia chini, mashine kwenye kibonyezo cha muziki. Nilisubiri ataje kayamba. Hakulitaja. Katikati ya ubeti wa pili akainua kidole.

"Huyu wa fidla," akasema, "amechelewa kuingia."

Nikarudisha sindano nyuma mara tatu. Amechelewa kweli, kidogo mno. Na mimi, na hezi zangu 12,000, santuri hiyo naisikia tangu utotoni.